Safari Isiyo na Mgonjwa

Watu wa Bangwe, hapa Kigoma, wanajua sababu tano za mtu kusafiri mbali: msiba, matibabu, masomo, biashara na hija. Ya sita haipo. Mtu akikwambia anapanda ndege kwenda Ulaya ili akalale kwenye kitanda kizuri, aletewe chai humo humo kitandani, kisha atoke akaangalie maua, utamgusa paji la uso uone kama ana homa. Scola alilijua hilo vizuri, maana alizaliwa hapo hapo, na ndiyo sababu safari yake aliipanga kwa kificho kama mtu anayeiba.

Miaka thelathini na moja alitandika vitanda vya watu katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Alikuwa na mkono. Ukimpa shuka na dakika tatu alikutandikia kitanda ambacho hata nzi angeona haya kutua. Mumewe, Alphonce, alifariki mapema, na watoto wawili wakasomeshwa kwa shuka hizo. Mmoja sasa yuko Mwanza, mwingine Mbeya, na wote wawili hupiga simu Jumapili. Ila yeye mwenyewe hakuwahi hata siku moja kujinyoosha juu ya kitanda alichokitandika. Haikuruhusiwa, na Scola hakuwa mtu wa kuvunja masharti ya kazi.

Mgeni mmoja, bibi wa Kifaransa aliyetembelea fimbo, ndiye aliyemwachia kitabu cha picha za Paris. Kilikuwa na makumbusho, makanisa na majumba ya kuimbia yenye viti vyekundu, lakini ukurasa uliochakaa kwa kufunuliwa ni wa mto na miti yenye maua ya rangi ya waridi. Huku Aprili ni masika, matope mpaka vifundoni. Kule, Aprili ndipo miti hutoa maua kabla hata ya majani. Scola aliutazama ukurasa huo miaka kumi na tisa. Alipostaafu na mafao yake kutoka, hakununua bodaboda ya kukodisha kama wenzake. Alikwenda Ujiji kwa Shadia, binti anayekata tiketi za ndege, akamwomba afunge mlango kwanza.

Shadia hakucheka. Aliuliza siku ngapi, akaandika. Wakapanga wiki nzima kwenye daftari la Scola lenye jalada gumu. Siku ya kwanza, kuoga kwenye bafu la kujilaza mpaka maji yapoe yenyewe. Siku ya pili, makumbusho, polepole, kila chumba chenye benchi akae. Siku ya tatu, kulala mpaka saa nne asubuhi bila kuamka kwa sababu ya mtu yeyote. Siku ya nne, chakula cha jioni ndani ya boti mtoni, na hapo Shadia akashindwa kujizuia, akasema mtu wa Kigoma kulipa ili apandishwe boti ni kituko. Siku ya tano, jumba la kuimbia, na gauni la kitenge ambalo Leonia, fundi cherehani, alikwisha kulikata. Hoteli Shadia aliitafuta kwa uangalifu, yenye nyota nne na shuka nyeupe za pamba. Scola aliikuza picha ya kitanda kwenye simu, akakagua pembe. Wametandika vizuri, alisema, kama mkaguzi.

Matatizo yalianza aliporudi kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza. Alishuka kwenye treni na bahasha kubwa ya kaki kwapani, na Kigoma mtu mwenye bahasha ya kaki anatoka hospitali. Kabla hajaoga, kaka yake mkubwa, Pastory, alikuwa ameketi sebuleni, kofia juu ya goti.

"Wanakupeleka wapi?" Pastory aliuliza.

Scola, kwa uchovu, akasema Ufaransa.

Pastory akaitazama ile bahasha. Tangu wazazi wafe, yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo, na Scola hakuwahi kusafiri bila yeye kumwombea dua mlangoni. Akauliza taratibu, "Ni moyo?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa mbele yake wazi kabisa. Lakini alimwona kaka yake, mzee wa miaka sabini na mbili mwenye kandambili zilizoshonwa, na maneno "naenda kujistarehesha" yakakataa kutoka. Akatikisa kichwa, ndiyo. Aliona aibu papo hapo, na pia, kusema kweli, aliona nafuu.

Kichwa kilichotikisika mara moja kikazunguka Bangwe nzima. Kufikia Jumapili, Eufrasia, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, mwanamke asiyejua kufanya jambo nusu, alikuwa amekwisha kuanzisha novena, sala za siku tisa. Alimkuta Scola bombani, akamnyang'anya ndoo mkononi. Jembe lake likafichwa. Kuku wa supu wakaja, mayai yakaja, samaki wa migebuka waliokaushwa vizuri wakaja. Wanawake walizungumza naye kwa sauti ya chini kama anayelala. Scola, aliyekuwa na afya ya punda, alilazimika kutembea polepole kwenye kiwanja chake mwenyewe. Usiku alijigeuzageuza akihesabu siku: kumi na tisa, kumi na nane. Akiondoka tu, alijiambia, yatakwisha. Akirudi atasema amepona.

Siku ya kumi na nne kabla ya safari alikuja Gasper.

Gasper alikuwa fundi wa maboti ya mbao pale ufukweni, na nusu ya maboti yanayovua dagaa Bangwe yalipita mikononi mwake. Miaka miwili sasa hakushika randa. Moyo wake una mlango usiofunga, ndivyo alivyoelezwa, na daktari alimwambia kwa hali aliyonayo upasuaji unaweza kummaliza. Scola alimwona tangu alipoanza kupanda kilima. Alipumzika mara tatu. Alipofika hakuweza kusema, wakabaki wakitazamana mpaka pumzi ikarudi.

"Mwakeye, dada," alisema mwishowe, akimsalimu kwa Kiha. Akatoa bahasha ya kaki ndani ya shati, imelowa jasho upande mmoja. "Vipimo vyangu hivi. Ukishawaona madaktari wako huko, wape na hivi. Sitaki wanitibu. Nataka daktari mwingine aseme tu kama ni kweli."

Scola aliipokea. Angefanya nini? Mkono ulijinyoosha wenyewe kama ulivyozoea kupokea funguo za vyumba. Alimpa maji, akamsindikiza mpaka chini, akaahidi. Aliporudi aliiweka bahasha kabatini juu ya gauni la kitenge, akaiona imekaa vibaya, akaiweka chini ya gauni, akaona ni vibaya zaidi. Usiku ule alijichukia waziwazi. Alijiita mwongo kwa Kiswahili na kwa Kiha.

Alimpigia Shadia. Shadia alimwambia tiketi haiwezi kurudishwa, lakini neno la mtu linaweza kurudi lilikotoka. Scola akakata simu kwa hasira. Vitoto vya siku hizi vinajua kusema.

Jumamosi iliyofuata Eufrasia alileta habari kama zawadi: Padre Nikodemu atakuja na jumuiya nzima, asubuhi ile ile, kumpa Mpako wa Wagonjwa. Scola alisema si lazima. Eufrasia akasema unyenyekevu una mipaka.

Walikuja watu thelathini na zaidi. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye mkeka, wengine wakasimama uani. Pastory alivaa koti lake la Pasaka ingawa ilikuwa bado Kwaresima. Gasper aliketi karibu na mlango, mgongo ukutani, midomo yake ina rangi ya zambarau. Waliimba. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na Scola, hata katika hofu ile, aliona kuwa pembe moja ya kitambaa imekaa upande. Padre akavaa stola shingoni, akafungua kichupa cha mafuta. Kisha, kwa kuwa ndio utaratibu, akainama na kumwuliza kwa sauti ndogo kama angependa kuungama kwanza; wangeingia chumbani.

Chumbani lingeisha. Padre angejua, wengine wasingejua, na siri ya maungamo ingeibeba aibu yake mpaka kaburini. Scola alimtazama Gasper. Naye Gasper alikuwa akimtazama yeye kwa wivu kidogo, wivu wa mgonjwa asiye na tiketi kwa mgonjwa mwenye tiketi.

"Nataka kuungama, Padre," alisema, "lakini siyo chumbani."

Akasimama. Akashika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza wiki zile alionekana mgonjwa kweli.

"Mimi siumwi," akasema. "Sijawahi kuumwa. Nakwenda Paris kulala kwenye kitanda alichotandika mtu mwingine. Basi. Niliona aibu kusema hivyo, nikaacha mseme moyo."

Kuku mmojawapo wa supu alipita katikati ya miguu ya watu. Mtu wa uani aliuliza amesemaje, akajibiwa kwa kunong'onezwa, na mnong'ono ukaenda mpaka barabarani. Pastory aliinuka, akavaa kofia humo humo ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimekuombea siku tisa nikiwa nimefunga," alisema. Akatoka.

Padre Nikodemu alibaki na kichupa mkononi. Alikuwa kijana, na shuleni hawakumfundisha hili. Akatazama huku na huku, kisha akasema mafuta yamekwisha kufunguliwa na mgonjwa yumo humu. Akamwendea Gasper.

Gasper alijaribu kusimama, akashindwa, akateleza ukutani mpaka sakafuni. Wanawake walipiga kelele. Scola ndiye aliyefika kwanza. Alimshika chini ya makwapa, Eufrasia akashika miguu bila kumtazama, wakamwingiza chumbani. Kitandani kulikuwa na mashuka ya kila siku, yaliyofifia. Scola alisema wamshike kwanza. Akafungua kabati, akatoa jozi nyeupe aliyopewa hotelini siku ya kuagwa, haijawahi kuguswa, akaitandika. Dakika tatu hazikufika. Alikunja pembe, akapiga mto, akapitisha kiganja kutoka kichwani mpaka miguuni. Wakamlaza. Padre akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, na Scola akamshikia mikono iwe wazi, kwa kuwa ilikuwa inajikunja yenyewe.

Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Watu walianza kuondoka, wengine bila kuaga. Eufrasia alisimama mlangoni akitazama kitanda, akasema kuku hawachukui, aliyetoa ametoa, ila ndoo sasa abebe mwenyewe. Akaenda.

Wakabaki wawili. Scola alitoa bahasha chini ya gauni la kitenge, akaiweka kando ya mkono wa Gasper. Alimwomba radhi. Alisema hana maneno mengine. Gasper alikuwa akiipapasa shuka kwa kidole, kama alivyokuwa akipapasa ubao kuona umelainika.

"Ndivyo wanavyotandika huko unakokwenda?"

"Ndivyo."

"Pazuri," alisema. Akafumba macho. Scola alidhani amelala, akaanza kuinuka. "Yaga Scola," akaita, "huko Paris hakuna madaktari kabisa?"

"Wapo."

"Basi hiyo bahasha nenda nayo hivyo hivyo." Akaisukuma kwa vidole viwili mpaka ikamgusa goti.

Scola alikaa nayo muda mrefu. Alihisi hasira, na hakujificha kuwa ni hasira: miaka thelathini na moja, na hata wiki moja hawamwachii. Baadaye hasira ikapungua, ikabaki pumzi ya Gasper ikipanda na kushuka juu ya shuka zake. Akachukua daftari, akafunua ukurasa wa siku ya tatu, pale palipoandikwa kulala mpaka saa nne asubuhi bila kuamka kwa sababu ya mtu yeyote. Akapiga mstari. Chini yake akaandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: SAA MBILI KAMILI, DAKTARI WA MOYO, VIPIMO VYA GASPER. Kisha akafunga daftari, akavaa viatu, akashuka mpaka mtaa wa Kasingirima kumtafuta kaka yake.