Makopo ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, alitunza stoo ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna dawa iliyoharibikia mikononi mwake. Ninamwamini. Mtu anayevaa soksi zake kwa zamu kufuata zilivyonunuliwa hawezi kuacha dawa iharibike. Mtaani wanamwita Bwana Stoo, na yeye anadhani ni cheo.

Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha mbele ndicho kazini kwangu. Kila siku mchana, akishakunywa chai yake na mkate, anakuja kusimama mlangoni na kunieleza kwamba nyuzi zangu nimezipanga vibaya. Namjibu, ananijibu, tunakwaruzana mpaka saa kumi, kisha anarudi kwake. Tumekuwa hivyo tangu dada alipofariki, mwaka mmoja na miezi minne sasa.

Jumatano moja alikuja na uso mwingine. Binti yake, mtoto wake wa pekee, anayeishi mji ulio mbali, safari ya saa sita kwa basi, alikuwa amempigia simu. Anakuja Jumamosi saa tisa. Ameshamwandalia baba yake chumba nyumbani kwake, na safari hii hataki kusikia visingizio.

"Anasema siwezi kukaa peke yangu," Shemeji akasema. "Eti nashindia mkate na chai."

"Kwani uongo?"

"Si uongo. Lakini ndiyo maneno ya kumwambia baba yako?"

Kisha akaniambia alivyomjibu. Alimwambia bintiye kwamba siku hizi anapika mwenyewe, anapika hasa, na Jumamosi atamkuta ameoka ile keki ya matunda ya mama yake.

"Umewahi kuoka wewe?"

"Nimewahi kutazama."

Niliweka mkasi chini. Nilitaka kucheka, lakini alikuwa amekaa, na Shemeji huwa hakai kwangu, husimama. Akasema, "Shemeji, nikitolewa kwenye nyumba ile nimekwisha." Sikuwahi kumsikia mtu huyu akiomba kitu. Nikamwambia nitakuja Jumamosi asubuhi, ingawa nilikuwa na sketi arobaini za sare za shule zinangoja pindo.

Keki yenyewe ni ya wavivu, na dada, Mungu amrehemu, alikuwa akiiita hivyo mwenyewe. Alikuwa muuguzi, akitoka zamu hana nguvu ya kupiga mayai. Unamimina matunda ya kopo kwenye bakuli la kuokea pamoja na maji yake ya sukari. Juu yake unanyunyiza unga wa keki wa pakiti, ule unaouzwa ukiwa tayari na kila kitu ndani. Unapanga vipande vya siagi, unatia kwenye oveni, unakwenda kuoga. Hukorogi. Ukitoka kuoga na kupumzika kidogo, imeiva. Dada alitumia nanasi siku zote, na kabatini kwake nanasi na unga havikukosekana. Nilijua bado vimo, maana Shemeji hatupi kitu. Nikapanga kumaliza kwa saa moja na kurudi kwenye pindo zangu.

Saa nne nilikuwa jikoni kwake. "Nipe nanasi," nikasema.

Akafungua kabati la chakula kwa madaha, akasogea pembeni ili nione vizuri.

Nilishika kichwa. Makopo kumi na tisa yalikuwa yamejipanga mstari, yanang'aa, na hakuna hata moja lenye karatasi. Ameyachuna yote. Kila kopo limeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito, basi.

"Karatasi ziko wapi?"

"Nimezitoa. Gundi yake inaita mende. Halafu zinaficha tarehe ya kuisha, na tarehe ndiyo kila kitu."

"Na jina la kilichomo?"

"Jina litakusaidia nini kama kimeshaharibika?"

Ukimsikiliza unaweza kudhani ana hoja. Kule stoo rafu moja ilikuwa na dawa ya aina moja, katoni kwa katoni, kwa hiyo rafu yenyewe ndiyo ilikuwa jina. Kazi yake ilikuwa tarehe tu. Dada alipofariki, mzee wa watu akaliona kabati la mkewe limechanganyika, akalitengeneza kwa akili ile ile. Ilimchukua siku tatu, alinieleza kwa fahari, na mimi nilikuwa natafuta pa kukalia.

"Haya. Nanasi ni lipi?"

Akachukua la kwanza, akalitikisa karibu na sikio. "Hili."

"Una uhakika?"

"Linacheza kama nanasi."

Lilikuwa maharage.

Nikanyoosha mkono kuchukua kopo la mwisho wa mstari, maana makopo ya mwisho yalikuwa mafupi mafupi, na nilihisi huenda ndiyo ya nanasi. Akanishika mkono. "Hapana. Kinachokaribia kuisha ndicho kinachotangulia kutoka."

"Shemeji, tunatafuta nanasi, hatugawi dawa!"

"Utaratibu ni utaratibu. Ukianza kuruka leo kwa nanasi, kesho utaruka kwa nini?"

Nikasema basi niende dukani, dakika tano tu, ninunue kopo lenye karatasi na picha ya nanasi. Akanitazama utadhani nimemtukana. Kununua nje kitu ambacho kimo stoo, akasema, ni kosa ambalo amewahi kumwandikia mtu barua ya onyo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angechukua mkoba wake akaenda zake. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Lakini iliniwasha. Nikamfikiria amekaa kwenye chumba cha ugenini, mji asioujua, anauliza duka la mkate liko wapi. Nikashika kifungua kopo.

La pili, njegere. La tatu, nyanya. La nne lilikuwa maharage tena, la tano samaki, na mafuta yake yakaruka yakatua kifuani kwenye blauzi niliyoipiga pasi asubuhi ile. Yeye hakuona blauzi. Alikuwa akihamishia kila kitu kwenye bakuli, anafunika kwa sahani, na juu ya sahani anaweka kikaratasi cha tarehe. Nikamwambia, "Angalau sasa andika na jina." Akafikiri, akasema si lazima, maana mtu anaweza kufunua.

Saa sita ikapita. La sita, njegere. La saba, njegere! Nikaanza kumgombeza dada yangu kaburini, njegere zote hizi za nini. La nane lilikuwa maziwa mazito, na la tisa, hatimaye, pichi.

"Pichi ni tunda," nikasema. "Tuanze."

"Mama yake alitumia nanasi."

"Mama yake alikuwa na makopo yenye majina!"

Akageukia kabati. Nikajua nimemchoma, nikaumia mimi. Nikafungua la kumi, mahindi, kisha la kumi na moja, na harufu ya nanasi ikatoka kabla kifuniko hakijainuka. Nilikaribia kulia, wallahi, kwa sababu ya kopo.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe na pakiti za unga alikuwa amezimwaga zote kwenye mikebe minne ya kioo, kila mkebe na tarehe yake, na yote minne ni unga mweupe. Ilibidi nilambe. Nilambe, tena kwa kufuata tarehe, maana hata kwenye kulamba alisimama nyuma yangu kuhakikisha sikuruki. Wa kwanza ulikuwa ngano tupu. Wa pili ulikuwa magadi ya kuokea, nikakimbilia bombani kusukutua. Wa tatu ndio ulikuwa mtamu na una harufu ya vanila. Wa nne sikuulamba na sitaki kuujua.

Nikamimina nanasi na pichi kwenye bakuli la dada, nikanyunyiza unga juu mpaka ukafunika. Kugeuka kutafuta siagi, namkuta Bwana Stoo ana kijiko mkononi.

"Usikoroge!"

"Unga mkavu namna hii utaivaje?"

"Maji ya matunda yatapanda, siagi itashuka, vitakutana katikati. Weka kijiko chini."

Akakiweka, polepole. "Nilikuwa nasimama pale mlangoni," akasema, "ananifukuza. Miaka yote nikidhani ananificha siri ya upishi."

"Hakuna siri. Ulikuwa unamzibia mwanga."

Akacheka kidogo, halafu akapangusa meza iliyokuwa safi. Nami nilimkumbuka dada vibaya sana pale, na sikuwa na mahali pa kuliweka hilo kwa sababu saa ilikuwa inakwenda saa nane.

Siagi nilitaka kuikatakata na kuitupia juu, kama anavyofanya mtu yeyote. Yeye alikwenda chumbani akarudi na rula. Alikata vipande ishirini na vinne, akavipanga safu nne za sita sita, nafasi sawa kila upande, mimi nikipiga kelele kwamba mgeni yuko njiani. Nitasema ukweli ingawa unaniuma: keki ya dada ilikuwa haikosi sehemu zenye unga mkavu, na hii haikuwa nayo hata moja. Ilitoka na rangi ya dhahabu kutoka pembe hadi pembe, maji ya matunda yanachemka kwenye kingo. Sikumsifu. Angekuja kesho na rula kwenye nyuzi zangu.

Saa tisa kasoro dakika kumi mlango ukagongwa.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama mdogo."

Tukaitikia. Binti alikuwa amekonda, niliona mara moja. Gauni nililomshonea mwaka jana lilikuwa linamning'inia mabegani. Akatazama meza yenye mabakuli tisa yaliyofunikwa, akafunua moja, akafunua la pili. "Baba, vyote hivi umepika leo?"

"Chagua unachotaka," akajibu, bila haya.

Nikaikanyaga ndala yake chini ya meza. Tukapakua keki. Binti akala kijiko cha kwanza, akafumba macho. Akala sahani nzima, tena haraka haraka, na Shemeji alikuwa amekaa wima akingoja kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti.

"Umeona sasa," Shemeji akasema. "Najiweza. Chumba chako kizuri, ahsante, lakini mimi nakaa hapa."

Binti akaweka kijiko chini. Akasema, "Sawa, baba." Kisha uso wake ukakunjamana akaanza kulia, kilio cha mtu aliyejizuia muda mrefu, kamasi na yote.

"Nini?" Shemeji akauliza. "Nanasi limekaa sana? Tarehe ilikuwa nzuri!"

"Mume wangu aliondoka," binti akasema. "Tangu mwezi wa tatu. Amechukua nguo zake, harudi. Nikitoka kazini nakula nimesimama jikoni, sijui hata nakula nini. Sikuja kwa sababu hujiwezi, baba. Mimi ndiye siwezi."

"Mbona kwenye simu ulisema ni mimi?"

"Ningesemaje?"

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Huyu alikuwa amekuja kuliomba zizi limfuate, akaona aibu, akalisingizia zizi kwamba linavuja. Kwa nini watu wa familia hii hawawezi kuweka jina juu ya kitu, sijui. Nilimkumbatia, blauzi yangu ikinuka samaki.

Shemeji akavuta bakuli, akampakulia kipande cha pili, kikubwa, kutoka katikati. "Tunaondoka lini?" akauliza.

"Baba, si umesema..."

"Nilikataa kupelekwa. Kuhitajiwa ni jambo jingine. Jumatatu kuna basi la asubuhi."

Na hapo nikalipuka. Nilisema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, kwamba tangu saa nne niko jikoni humu, nimefungua makopo kumi na moja, nimelamba magadi, sare za watoto wa watu zimelala, yote ili mtu mmoja abaki nyumbani kwake, na sasa ananiambia Jumatatu, tena asubuhi. Binti akacheka katikati ya machozi akidhani natania. Sikuwa natania. Nilikasirika kweli. Nilikuwa nimejiambia siku nzima kwamba namtetea yeye.

Shemeji hakucheka. Akaniwekea na mimi sahani, ambayo tangu asubuhi hakuna aliyeifikiria, hata mimi.

"Shemeji," akasema, "na wewe mchana utakuwa na nani?"

"Mimi nina kazi zangu. Nina sketi arobaini."

"Sijauliza kazi."

Cherehani haijibizani na mtu. Nyumba ya kwanza kutoka kwangu hakuna ninayemjua vizuri, ya pili imefungwa, ya tatu ndiyo hii. Nikamsogezea sahani yake.

"Kula," nikamwambia. "Inapoa."