Alama za Mawe ya Ukingoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa chombo chochote. Msimamizi wa Nyaya, mtu wa kaskazini aliyewahi kutumikia kikosi cha mawasiliano jeshini, na ambaye sote tulimwita Afande, alinishusha kwenye shimo la zege chini ya barabara ya Bukoto. Akaunga simu yake ya majaribio na nyaya mbili nyembamba, akaniwekea sikioni.

"Puliza hapo mdomoni," alisema.

Nilipuliza, nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikinirudia sikioni.

"Umesikia nini?"

"Nimejisikia mwenyewe, Afande."

"Basi waya uko hai. Waya uliokufa haukurudishii kitu. Ukilijua hilo umejua nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kunawa mikono na kufunga mdomo."

Kunawa mikono hakukuwa mzaha. Kila simu ilihitaji nyaya mbili za shaba, tulizoziita jozi, na kebo kubwa ilibeba mamia ya jozi, kila waya umevikwa karatasi, zote zimefunikwa kwa ganda la madini ya risasi. Pale kebo moja ilipoishia na nyingine kuanza, mimi ndiye niliyeunga. Jasho la kidole lingeweza kuua mtaa mzima. Kabla ya kufunga kiungio tulichovya kipande cha karatasi yake katika nta ya moto. Ikitoa povu, kuna unyevu, nasi tulianza upya. Afande hakukubali povu hata dogo. "Maji hayana haraka," alikuwa akisema. "Yatakungoja mwaka mzima, halafu yatakuaibisha."

Jioni ile nilikwenda Kibuli kumweleza mwalimu wangu wa madrasa kwamba nimepata kazi. Baba yangu alikuwa askari, na babu yangu pia, na mwalimu alifurahi kwamba mimi sitabeba bunduki. Alinikumbusha yale matatu yanayomfuata mtu kaburini: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Kisha akasema, "Waya ni kama kisima. Maadamu watu wanateka, wewe unaandikiwa." Neno hilo niliishi nalo miaka yangu yote ya kazi. Mimi si mtu wa mali, wala sikujenga msikiti. Nilikuwa na viungio vyangu chini ya ardhi, na kila nilipofunga kimoja nilisema Bismillahi, nikaamini kwamba nitakapokufa, mtu fulani atakuwa anamjulia hali mama yake kupitia pale.

Sasa nieleze habari ya alama. Wakati wa vita ofisi yetu iliporwa, na ramani za kebo zikaenda na kabati zake. Tuliporudi kazini hakuna aliyejua kiungio kipi kiko wapi. Tulichimba kwa kubahatisha, na mara mbili tulipasua bomba la maji. Ndipo Afande akatufundisha kuchonga alama kwa patasi kwenye jiwe la ukingo wa barabara: kimshale kinachoonyesha upande, na chini yake mikato, kila mkato ni hatua moja ya mtu mzima. Mpita njia angedhani ni jiwe lililogongwa na gari, lakini sisi tulisoma, tukahesabu hatua, tukachimba, na kiungio kilikuwa pale. Afande alipostaafu, mimi niliifundisha kazi hiyo kwa wengine. Aliyeishika vizuri kuliko wote alikuwa Juma, mwenzangu aliyejiunga na kundi letu baadaye, jirani yangu wa Kibuli. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo elimu yenye manufaa.

Miaka ikaenda, na Mhandisi wa Mkoa akatuamuru tutenge jozi moja kutoka kituo cha simu hadi ofisi moja ya mjini. Nilipoweka sikio kuijaribu, nilisikia milio na mikwaruzo ambayo sijapata kuisikia.

"Bwana Mhandisi, jozi hii ina ugonjwa," nilisema. "Nadhani ni maji."

Alicheka. "Usiiguse, Hajji. Hizo ni kompyuta zinaamkiana kupitia kisanduku kinachoitwa modemu. Barua ya bwana mwenye ofisi ile imeshafika Ulaya."

"Kabla hatujarudi ofisini?"

"Kabla hujapanda kutoka kwenye shimo."

Juma alisema kwa utani kwamba ikiwa barua zinasafiri hivyo, mtu wa posta aanze kutafuta shamba. Mimi sikucheka. Nilishika ile kebo kwa mkono mzima na kumshukuru Mungu, kwa maana niliona kisima changu kimechimbwa kikafika maji ya chini kabisa. Intaneti ya kwanza ya watu wengi mjini humu ilipita katika shaba yetu, ikienda polepole, ikikatika mvua ikinyesha, nasi tukiishughulikia kama mgonjwa mpendwa.

Haikukaa. Minara ya simu za mkononi ilisimama juu ya vilima, na watu waliokuwa wakingoja laini kwa miaka walinunua simu wakaondoka nazo siku hiyohiyo. Baadaye ukaja mkongo kutoka pwani, nyuzi za kioo zinazobeba mwanga badala ya umeme. Kampuni ikapunguza watu, na Juma alikuwa wa kwanza kuondoka. Mimi nilibaki hadi umri wangu wa kustaafu. Siku ya mwisho nilimpelekea Meneja wa Mtandao, binti mwenye adabu sana, daftari langu la alama. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Mzee, tunakushukuru. Lakini shaba hatutaiunga tena." Aliona uso wangu, akaongeza, "Mkongo wetu unapita kwenye mabomba yenu ya chini."

Alitaka kunifariji, Mungu amlipe. Lakini mabomba yale yalizikwa na watu wengine kabla sijaajiriwa. Mimi niliunga nyaya tu.

Mwaka jana, nikitoka kuswali Adhuhuri, nilipita Bukoto nikaona shimo pembeni ya barabara. Nilitazama jiwe la ukingo: mshale, mikato sita. Nilihesabu hatua sita, nikasimama mdomoni mwa shimo. Kiungio kilikuwa kimekatwa na kebo kuvutwa pande zote mbili. Wiki ile nilizunguka kwa miguu na kwa bodaboda, alama baada ya alama, na kila penye mshale palikuwa na shimo. Hakuna mahali wezi walipobahatisha; walijua kusoma alama.

Nilimkuta Juma kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, nikamuuliza juu ya mashimo yale. Hakukana.

"Shaba imekufa, Hajji," alisema bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Maiti anataka bangili za nini?"

"Juma, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma zile alama."

"Ndiyo. Na ulifundisha vizuri."

Nilimwomba aniambie kama kuna kilichobaki. Akasema yeye na wenzake hawajafika Kyebando, kwa kuwa alama iko mbele ya maduka na watu hawaondoki pale.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kyebando na nyundo na patasi. Nililijua jiwe lile: mshale na mikato minne, mkono wangu mwenyewe. Kiungio chake kilikwenda kwa nyumba chache, mojawapo ya mama mjane ambaye mwanawe alikuwa ng'ambo. Nilipiga magoti nikaanza kuifuta ile alama. Kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Mzee, umepata dhahabu? Tugawane, ssebo, bwana wangu." Nikamwambia nafuta kosa langu. Nilipomaliza nilisema Alhamdulillahi. Kimoja kimebaki.

Nikaenda kumjulia hali yule mama. Alinitambua, akanikaribisha, akaniletea chai. Simu ilikuwa mahali nilipomwekea, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Mwanao bado anapiga?" nilimuuliza.

"Kila Jumapili, ssebo. Tena namwona uso." Alinionyesha simu yake ya mkononi. "Hiyo kubwa ilinyamaza zamani. Walisema kituo kimezimwa. Naiacha tu, ni pambo."

Namshukuru Mungu kwamba mama yule anauona uso wa mwanawe. Waya wangu haukuwahi kumpa hilo. Nasoma Kurani kila siku, na watoto wangu ni wema, huenda wakaniombea. Lakini nikiulizwa juu ya yale mawili mengine, sijui nitaonyesha nini. Kisima kimefukiwa, na elimu yangu ilimnufaisha mwizi.

Nilimwomba ruhusa, nikaondoa kitambaa, nikainua mkono wa simu hadi sikioni. Nikapuliza. Nikangoja, nikapuliza tena, polepole, kama Afande alivyonifundisha. Pumzi yangu haikurudi.

"Asante, Hajji," alisema mama yule. "Pambo langu lilikuwa limejaa vumbi."