Siku Niliyomtetea Nahodha Mazishini

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka hii kitu nikiwa peke yangu bafuni huwa nafunika uso na ndoo (ndoo kweli, si maneno), ila Mama Wakesho hakucheka siku ile na hadi leo hacheki, na hapo ndipo aibu yangu inapolala.

Marehemu mume wake, Mwadime, alikuwa rafiki yangu tangu ujana hapa Kaloleni, yeye akiendesha lori la ndizi kutoka Taveta na mimi nikiwa turniboi wake wa kupakia na kushusha (shule niliiacha mapema, mbuzi wa baba hawakuwa na mtu), na jioni tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye tivii kutazama ile filamu ya nahodha wa chombo cha angani, yule ambaye kila nyota akitua kuna mwanamke mrembo anamsubiri. Basi watu wakamwita Mwadime Nahodha, kwa sababu kila mji tulikoshusha ndizi walimhesabia mwanamke, na yeye alikuwa anacheka tu, hakatai, hakubali.

Sasa siku ya kumzika, kule kwao Werugha, ukungu umetushukia hadi ndani ya tenti, emsii akaniita niseme neno kama rafiki wa marehemu, akaongeza, "Atuambie Nahodha alitua nyota ngapi," na vijana wa nyuma wakacheka, jeneza liko pale mbele. Mimi nilikuwa nimepanga kusema pole na kuketi. Lakini kile kicheko kilinichoma, nikaona acha kwanza nimtetee mwenzangu. Kosa ni hilo tu, dogo hivyo.

Nikaanza na nahodha wa filamu. Nikawaambia nyinyi hamkumtazama vizuri, mlisikia sifa tu, yule mtu kila akimbusu mwanamke alikuwa anatafuta ufunguo wa kuwatoa watu wake jela, au ni mwanamke mwenyewe amemrukia, na kuna mmoja alimwekea dawa kwenye kinywaji (hiyo niliitazama mara mbili), na ukiwaondoa hao wote anabaki mmoja, yule daktari ambaye nahodha alimwacha kwa ajili ya kazi, akawa anamfikiria hata akiwa kwenye usukani. Sasa mtu kama huyo ni mhuni? Mchungaji akatazama saa. Emsii akanyoosha mkono achukue maiki, nikaishika kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimepata moto, na wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwamba kweli.

Ndipo kijana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na wetu wa lori je, mzee?"

Nikajibu hata sikumeza mate. "Huyu pia mlimsingizia. Hakuwa na wanawake kila mji. Alikuwa na mmoja tu, wa pale Bomeni, miaka yote hiyo, na hata alipougua alikuwa ananituma nikamjulie hali."

Haki ya Mungu nilisema kwa fahari. Tenti ikanyamaza, nikadhani wameguswa. Kisha nikamwona Mama Wakesho.

Aliongea polepole, bila maiki, na kila mtu akasikia. "Shemeji, hao wengi nilishawasamehe zamani. Nilisema ni barabara, ni ujana, hakuna hata mmoja aliyekuwa na maana kwake. Huyu mmoja sasa nimpeleke wapi?"

Na mimi, kwa kutapatapa, nikamwambia huyo wa Bomeni ni mama mzuri, hana maneno.

Maiki ilichukuliwa, sikumbuki na nani. Kaburini walipomwita mjane atupe udongo, alibaki kwenye kiti, akaenda binti yake Wakesho, akanipita bila salamu. Chakula sikugusa. Baadaye nilirudi kuomba msamaha, akanipa chai, akaniuliza huyo wa Bomeni anafanana vipi. Nikasema sikumbuki, na alijua naongopa, akaniongezea chai.

Tangu hapo nikiitwa kusema kwenye mazishi nasema pole, naketi. Na vijana wa hapa Kaloleni wakinichokoza kama ni kweli yule nahodha wa filamu alikuwa na mwanamke kila nyota, nawaambia ndiyo, kila nyota, na kuna nyota alikuwa na wawili, mwacheni hivyo hivyo.