Jirani Aliyekuja Kunisamehe Bila Kuombwa

Jumamosi ile Mzee Sumari aliingia uani kwangu amevaa suti ya Pasaka, na Pasaka ilikuwa imepita zamani.

Nyuma yake alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Abdiel. Nyuma ya balozi, mzee wa kanisa lao la Kilutheri, kashika kisu kilichofungwa kwenye gazeti.

Sumari akavua kofia. Akaliangalia paa la nyumba yangu kama mtu anayesoma tangazo, kisha akasema:

"Mama Agnela, nimekusamehe."

Nilikuwa nachambua mchicha. Huyo mtu ni jirani yangu, uzio kwa uzio, na hatujasalimiana miaka. Ng'ombe wake akipiga chafya, mimi pole sisemi.

"Umenisamehe nini?"

"Yote," akasema. "Mbuzi yuko wapi?"

Wajukuu zangu wa kwenye simu, sogezeni vigoda. Hii imenitokea mimi, hapa hapa Maji ya Chai, na chanzo chake ni intaneti.

Naishi na mjukuu wangu Princess, mtoto wa binti yangu Agnela. Princess ana diploma ya utalii. Karatasi nzuri sana, tumeiwekea fremu, inakinga ukuta usipate vumbi.

Basi mwaka ule akapata mchongo. Kampuni moja ya Wazungu inatafuta mtu wa kuongea na watalii kwa kompyuta, anakaa kwake, analipwa kutoka kwao. Masharti mawili tu: mtandao usiokatika, na mahali penye kimya.

Majaribio ya kwanza aliyafanya sebuleni kwangu. Mtandao ulikuwa safi, kuna kidishi juu ya paa kinachotazama mnara.

Kimya ndicho kilichokosekana. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali rozari, na mimi nani niwafukuze? Yule Mzungu alikuwa mvumilivu. Alivumilia matendo mawili ya uchungu, halafu akauliza kwa upole kama tuna msiba.

Wakampa nafasi nyingine, Jumamosi saa tisa alasiri. Ya mwisho.

Na akikosa? Kuna dada mmoja wakala huko Kaloleni, tayari alikuwa na picha zake za pasipoti. Princess angepanda ndege kwenda Doha kufua mashuka ya watu. Mimi ningebaki na diploma ukutani, tunatazamana.

"Bibi, nikifeli naondoka," aliniambia. "Sitakaa hapa nakuhesabia kuku."

Nikamwambia hutafeli. Tukaingia kwenye banda la ng'ombe.

Ng'ombe nilishauza. Tukasafisha, tukapaka chokaa, tukaweka meza na pazia la maua. Likaitwa ofisi. Ukivuta pumzi kwa nguvu, lilikuwa bado banda.

Liko chini kabisa mwa shamba, nyuma ya migomba, mgongo wake kwenye uzio wa Sumari. Kimya tele. Ila mtandao wa nyumbani haufiki, na kwenye simu kule bondeni ukipata kijiti kimoja unapiga ishara ya msalaba.

Kitendawili! Semeni tega, hata kimoyomoyo.

Anatoka Ulaya kufumba na kufumbua, migomba yangu inamshinda kupita.

Mmeshindwa? Ndiye huyo intaneti.

Tukamwita fundi Lerionka kutoka Elerai, kijana wa miwani myeusi, anaitikia "freshi" hata ukimwambia umefiwa. Akaja na kiboksi chenye antena nne, kama panzi aliyelala chali. Akakitundika jikoni, tukateremka bandani kupima.

Hakuna kitu.

"Bibi, haya majani mabichi yanakunywa mtandao," akasema. "Halafu banda lenyewe bati juu, bati pembeni."

"Basi tutavuna ndizi zenye akili."

"Freshi, Bibi."

Hapo Princess akanionyesha simu yake. Palikuwa na mtandao umejaa vijiti vyote, umeandikwa jina la ukoo wa Sumari, na alama ya kufuli pembeni.

"Bibi, huu unatoka kwa Babu Sumari. Nyumba yake iko hapo tu, unaweza kumrushia ndizi. Mwanawe Silantoi alimfungia ili aangalie mahubiri. Tukamwombe neno la siri, siku moja tu."

Nilimwambia heri nijifunze Kijerumani niongee na watalii mwenyewe.

Msinione nina roho mbaya. Ng'ombe wa Sumari aliruka akala kabichi zangu zote, zile za kupeleka sokoni. Nikamfunga kwangu siku nzima, nikamkamua. Ndiyo, nilimkamua! Kabichi zangu zilikuwa ndani ya yale maziwa, ningezipataje kwa njia nyingine?

Mwenye ng'ombe akatangaza mpaka Tengeru kwamba mimi ni mwizi. Akaziba kwa seng'enge kichochoro tulichokuwa tukipita. Toka hapo tukawa tunasikiana kukohoa tu.

"Basi tuchimbe mtaro," akasema Lerionka. "Tupitishe waya chini, kutoka nyumbani mpaka ofisini."

Tukachimba. Mizizi ya migomba, mawe, vigae vya chungu cha mama mkwe wangu marehemu, vyote tulivifukua, ili mradi tusimsalimie mtu mmoja.

Jumamosi asubuhi waya ukafika, ukafukiwa. Princess akafungua kompyuta bandani, akapiga kigelegele, akakimbia saluni kwenda kutengeneza nywele.

Lerionka akapanda pikipiki yake. "Bibi, weka alama juu ya waya. Mtu asije akapitisha jembe."

Alama? Nani anifundishe alama!

Huku kwetu, uwe Mchaga kama mimi au Mmeru kama Sumari, hakuna mwenye akili timamu anayeng'oa isale lililosimamishwa, ule mmea wa majani marefu. Jani lile ndilo mpaka wa shamba. Ndilo linaloonyesha kaburi. Na ukimkosea mtu, ndilo unalompelekea. Akishapelekewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama moyo unamwaka.

Nikakata matawi. Nikachukua mtaimbo, nikatoboa mashimo, nikayachomeka masale mstari mmoja juu ya waya, yamenyooka kama askari wa gwaride. La mwisho nikalisimamisha kwenye kona ya banda, karibu na seng'enge ya Sumari. Nikajipongeza kwa chai.

Sasa mnaelewa ile suti.

"Tumeliona isale, Mama Agnela," akasema balozi kwa sauti ya mazishi. "Umelisimamisha mlangoni kwa mwenzio. Umefanya kiungwana."

"Nilikuwa najua siku moja dhamiri itamchoma," akaongeza Sumari, akiliambia paa.

Dhamiri! Mimi!

"Na kwa desturi," mzee wa kanisa akafungua gazeti kidogo, "aliyekosa ndiye anayetoa mbuzi."

Nikaona nivute muda. "Kitendawili!"

"Tega," wakaitikia wote, mdomo una mazoea.

"Aliyeliwa kabichi ndiye anayelisha wageni."

"Hicho si kitendawili, mama," akasema balozi. "Hicho ni kinyongo."

Nikaweka ungo chini. Nikafungua kinywa niwaambie ukweli, kwamba lile isale ni la waya, si la mtu, na kama kuna aliyekosa basi ana kwato na anaishi kwa Sumari.

Kabla sijatoa neno, Princess akatokea kwenye migomba anakimbia, nywele mpya, viatu mkononi.

"Bibi! Mtandao umekufa! Hakuna kabisa! Saa tisa ndiyo hii!" Akawaona wazee, akapiga goti haraka. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Lerionka hapokei, Bibi. Nimekwisha."

Akakaa chini pale pale, kwenye mabua ya mchicha, na blauzi yake iliyopigwa pasi. Hakulia. Angelia ningevumilia. Alitoa simu, akaanza kutafuta namba ya yule dada wa Kaloleni.

Nikamtazama Sumari. Nikaitazama simu.

"Baba Silantoi," nikasema, "ahsante kwa kunisamehe."

Maneno yale yalipita kooni kama mwiba wa sato.

"Mbuzi yuko nyuma ya jiko. Yule mweupe."

Wazee wakashangilia, mzee wa kanisa akaenda kumfungua akamleta kwa kamba. Sumari akanipa mkono, na mimi nikaushika kwa nguvu, nisije nikaupoteza.

"Na kwa kuwa sasa tumepatana," nikasema kwa sauti tamu, "mtoto anaomba mtandao wako. Saa moja tu. Mpe neno la siri."

Nilimwona mzee yule anabadilika rangi. Shingo ikaingia ndani ya suti.

"Neno la siri?"

"Ndiyo, Babu," Princess alishasimama. "Nitajie tu, naandika."

"Lete hiyo simu, nitaandika mwenyewe."

Akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali. Miwani kaiacha nyumbani. Alikuja kusamehe, hakuja kusoma.

"Mzee, mtoto anachelewa," balozi akamhimiza. "Taja."

"Si muhimu sana watu wote wakisikia..."

"Babu, dakika!"

Sumari akakohoa. Akamtazama mbuzi, labda amsaidie.

"Andika Kandida."

Kandida ni mimi. Jina langu la ubatizo.

"Nimeandika," akasema Princess, taratibu sasa.

"Mwizi."

Princess akanitupia jicho, akaandika.

"Wa maziwa," Sumari akamalizia. "Yote imeungana. Hakuna nafasi."

Mzee wa kanisa akakifunga tena kisu kwenye gazeti.

"Baba Silantoi," nikasema, "ndilo unaloliandika kila siku ukitaka kusikiliza neno la Mungu?"

"Si kila siku," akasema. "Simu inakumbuka yenyewe."

Simu inakumbuka!

Princess hakusubiri hukumu. Aliandika, akakimbilia bandani, na tukasikia mlango ukifungwa. Kisha sauti yake ya Kiingereza, laini, ya mtu aliyeshika kazi.

Imekubali.

Balozi akaweka kidole mdomoni. Watu wazima wote tukashuka mpaka nyuma ya migomba tukasimama kama tuko mbele ya sakramenti, maana kelele moja tu, mtoto yuko Doha.

Ndipo mbuzi wangu mweupe, tuliyekuwa tunamburuta, akakumbuka kulia.

Meee!

Sumari akamrukia. Na suti yake. Akapiga magoti kwenye udongo, akamfumba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawa anamlisha majani ya mgomba, moja baada ya jingine, anamnong'oneza kama mtoto mwenye homa. Mbuzi aliyetaka kumla!

Nikakaa kwenye gogo pembeni yake.

Tulikaa hivyo muda wote Princess akiongea mle ndani. Nikaona mikono ya yule mzee imezeeka. Nikadhani, na yangu anaiona.

Majani yalipomwishia akanyoosha mkono kwenye kona ya banda. Nikajua anataka kumlisha mbuzi isale, nikataka kumzuia. Kumbe alichuma jani moja tu, akaligeuza, akaniwekea mapajani.

Sisi watu wa huku tunajua maana yake. Na nilishasema, hairuhusiwi kukataa.

Nikalichukua.

Baadaye kidogo nikamsogelea sikio. Niliona si haki awe amekuja kwa kudanganyika. Nikamnong'oneza:

"Baba Silantoi, lile isale kwenye seng'enge sikukupelekea wewe. Ni alama ya waya."

Hakugeuka. Aliendelea kumshika mbuzi mdomo.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilimwona fundi wako tangu asubuhi anafukia. Mtu haombi radhi kwa mstari wa masale kutoka jikoni."

Nikamvuta koti. "Sasa suti? Balozi? Kisu? Ulikuja kufanya nini?"

Akakung'uta udongo kwenye goti la suti.

"Ningekuja kwa sababu gani nyingine, Mama Agnela?"

Mlango wa banda ukafunguliwa. Princess akatoka, akatukuta wazee wanne tumechutama na mbuzi kafumbwa mdomo, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Tukajua amepita.

Mbuzi wangu nikamfungua kamba akarudi nyuma ya jiko, anatikisa mkia kama mshindi wa kesi. Aliyeliwa jioni ile alitoka ng'ambo ya uzio, na Sumari mwenyewe ndiye aliyekata seng'enge ili ampitishe.

Lerionka alipokuja wiki iliyofuata kutafuta ubovu, alifukua chini ya masale yangu, akavua miwani myeusi kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Bibi, waya umeuchoma mshikaki."

Kila shimo la mtaimbo lilikuwa limepita katikati ya waya. Nililenga vizuri, lazima mkubali.

Hatukuutengeneza. Princess anafanya kazi kwa mtandao wa ng'ambo, na kila jioni nampelekea mwenye nao kikombe cha maziwa. Ya dukani. Neno la siri kalibadilisha. Princess analijua, anakataa kuniambia, na akiliandika anauma midomo.

Funzo langu ni fupi, maana ugali uko jikoni.

Jirani mliyenuniana naye akija kwako na sababu ya kijinga, usiikague. Mtu mzima hawezi kutembea mikono mitupu kuja kusema amechoka kununa; lazima abebe kitu, hata uongo. Mpokee huo uongo wake, utafutie mahali pa kukaa, halafu bandika sufuria kubwa.