Kitambaa Nilichompa Mama Feza

Sikulazimishi kuniamini. Wajukuu wangu wenyewe hawaniamini, wanasema bibi alikuwa na njaa, na njaa huonyesha watu mambo. Njaa nilikuwa nayo kweli. Lakini nilichokiona mimi alikiona pia shangazi yangu, na yeye siku hiyo alikuwa ameshiba. Tena haikuwa usiku, wallahi. Jua lilikuwa utosini.

Ulikuwa wakati wa uasi. Waasi walikuwa wameuteka mji wa Kisangani, kisha askari wa serikali wakarudi, na sisi wa Lubunga, ng'ambo ya mto, tukawa tunaogopa huku na huku. Mume wangu alichukuliwa mlangoni, hata leo sijui na nani. Nikakimbilia msituni upande wa reli ya Ubundu, pamoja na shangazi yangu, Tantine Mwamini, na mwanangu Saidi, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Tulijenga vibanda vya majani, tukakaa.

Kule msituni tulianza desturi mbaya. Tulipokutana hatukuulizana habari. Wewe unatujua: habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi, mpaka chai inapoa. Lakini siku zile kila habari ilikuwa msiba. Basi ilikuwa "jambo" kwa "jambo", kila mtu anapita na mzigo wake.

Saidi akashikwa na homa. Muhogo akautema, uji akautema, siku ya pili hata kulia hakuweza tena. Tantine akaniambia, "Muletee tondolo. Ile uchachu itamufungua mudomo."

Tondolo huota katika mashamba yaliyoachwa. Majani yake hukupita urefu, lakini tunda liko chini kabisa, jekundu, limejificha shinani. Unalipasua kwa meno, unafyonza nyama nyeupe yenye mbegu nyeusi. Nilimwacha mtoto kwa Tantine, nikaenda kwenye shamba la zamani la kijiji ambacho watu wake walikuwa wamekikimbia. Nilifika nimechelewa. Wengine walikuwa wamechuma yote, maganda yametapakaa. Niliinama shina baada ya shina, sikupata hata moja, machozi yakaanza kunitoka.

Nilipoinua kichwa nikamwona Mama Feza.

Alikuwa jirani yetu Lubunga, wa wale wavuvi wa kwenye maporomoko, akiuza samaki wa kukaushwa. Mwanawe Feza alikuwa rika moja na Saidi. Sikuwa nimemwona tangu tukimbie. Kikapu chake kilijaa tondolo mpaka zinamwagika.

"Jambo, Mama Feza."

"Jambo."

Tukaishia hapo, kama desturi. Nywele zake zilikuwa na udongo, lakini nani kati yetu alikuwa safi? Nilichokiona, na nikajifanya sikukiona, ni mkono wake wa kushoto. Aliukunja nyuma, chini ya mgongo, jinsi mama anavyomshikilia mtoto asiteleze. Mgongoni hapakuwa na mtoto. Nikasema moyoni, maskini, Feza amekufa. Nisimuulize.

"Saidi iko na homa," akasema. Sikuwa nimemwambia.

"Ndiyo. Hapana kula kitu."

"Bon. Leta kikapu."

Akanimiminia zote. Sasa kwetu huchukui kutoka kikapu cha mwenzako bila kutia kitu cha kwako. Hiyo hata vita haikuifuta. Nikamwambia sina kitu.

"Uko na kitambaa."

Nilikuwa nimekifunga kiunoni, kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, cha kumbebea Saidi. "Hii? Mutoto nitamubeba na nini?"

"Wako utamushika na mikono," akasema. "Wangu iko naanguka-anguka."

Ungefanya nini wewe? Nilimpa. Nikakimbia na kikapu changu bila kugeuka.

Saidi alifyonza la kwanza, akafungua macho. La pili alilishika mwenyewe. Kufika jioni alikuwa anaomba uji, nami nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Ndipo Tantine akauliza kitambaa kiko wapi. Nikamweleza.

Akakaa chini. "Mama Feza nilimuzika mimi," akasema. "Mu ile shamba. Risasi ilipita kwa mutoto, ikaingia kwa mama. Tuliwazika mbiombio. Kitambaa yao ilipasuka, mutoto tulimulaza tu hivi-hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hapa nani anauliza habari?"

Kesho yake tulikwenda. Kaburi lilikuwa limeota majani, udongo haujaguswa. Na katikati ya majani, pembe ya kitenge changu imetokeza, ndege wa njano mmoja na nusu ya mwingine. Nikaishika. Niamini, ilikuwa na joto, joto la kitambaa kilichotoka sasa hivi mgongoni mwa mtu. Nikataka kuivuta, Tantine akanipiga mkono.

"Ukivuta, naye atataka tondolo yake. Na iko wapi? Iko ndani ya tumbo ya Saidi."

Nikaiachia.

Tangu siku ile Saidi alikataa mgongo wangu. Nikiinama apande, alikauka kama ubao. Alipojua kusema aliniita Tantine, yaani shangazi, wala si mama, na hakuna fimbo wala peremende iliyombadilisha. Leo ana mvi, ana watoto, ananitunza vizuri kuliko wana wengi. Lakini msimu wa tondolo ukifika hubeba kikapu, akaenda peke yake kule kwenye reli. Akirudi hukitua miguuni pangu: "Tantine, mama anakusalimia."

Basi wewe, ukikutana na mtu porini, hata kama unamjua, uliza habari. Ziulize zote, na usitie mkono kikapuni mwake kabla hajazimaliza. Uchungu wa jibu hupungua. Huu wangu haujapungua.

Mwaka jana niliugua, nikadhani siponi. Nikamwomba Saidi aniite mama, mara moja tu, nife na jina hilo. Alinishika mkono, akalia sana, akageuka kutazama mlango, kisha akaninong'oneza sikioni:

"Tantine, atasikia."