Namba Nane Haguswi

Kuna Jumapili moja pale Same, watu wazima na akili zao timamu walimtazama diwani wao akipiga kelele kwamba anakufa maji, na hakuna aliyemsogelea.

Si kwamba tulimchukia. Sheria za mchezo zilikataza.

Kaeni vizuri niwape mkasa. Mimi naitwa Stumai, na siku hiyo nilikuwa namba tatu. Lakini kisa chenyewe ni cha Ernest, na Ernest kanisimulia upande wake mara nyingi hadi naujua kumshinda yeye.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Mashamba ya mkonge yanapata wenyewe wapya, watu wanapunguzwa kazini kwa mafungu. Mama Rogathe, Mgweno mmoja mkali mwenye huruma zake, alikuwa karani kwenye shamba mojawapo huko tambarare. Alipopunguzwa, akachukua kiinua mgongo chote, akajenga gesti kando ya barabara kuu. Nyuma ya gesti akachimba bwawa la kuogelea.

Bwawa la kuogelea. Same! Mji ambao mvua ikidondosha matone mawili watu wanatoka nje kuhakikisha.

"Watalii watapita wakienda mbugani Mkomazi," alisema. "Wakiona maji, watasimama."

Watalii walipita kweli, na vumbi lao. Waliosimama ni ng'ombe.

Sasa, diwani wetu, Mheshimiwa Tumainieli, alikuwa na ng'ombe kibao. Josho la kuwaogeshea lilikufa tangu serikali ilipojitoa na kusema kila mfugaji ajitegemee. Siku moja akaja gesti kunywa soda, akalitazama lile bwawa, limenyooka, lina ngazi huku na huku. Akaona josho.

"Mama, hii ni anasa," akasema. "Wananchi hawana maji, wewe umeyafungia uani. Jumatatu tuna kikao. Jumapili nitakuja nijionee kama lina faida yoyote kwa jamii. Kama halina, litapangiwa kazi nyingine."

Mama Rogathe aliingia jikoni akalia. Bila bwawa ile gesti ilikuwa vyumba sita vya vumbi kama gesti nyingine yoyote, na maisha yake yote yalikuwa yamezama mle. Ernest, aliyekuwa mtunza bwawa, alisimama mlangoni hajui ashike nini. Bwawa likiwa josho, na yeye basi tena, arudi kwao Bombo milimani.

Mama akafuta machozi kwa kanga. "Ernest baba, nenda kwa Chande, kwenye mtandao. Tafuta michezo ya pool, ya watu wengi. Jumapili diwani akute watu wanacheka ndani ya maji."

"Pool ndiyo nini, mama?"

"Bwawa, kwa Kizungu. Kimbia."

Chande alikuwa na kibanda cha intaneti karibu na stendi, kompyuta tatu na feni moja. Ernest alimkuta ameganda mbele ya kioo.

"Chande, nataka kuona michezo ya pool."

"Umekuja wakati wake," Chande akajibu bila kugeuka. "Kaa hapo utazame. Nacheza na jamaa yuko Brazili."

Nyinyi mmeshaelewa. Chande alikuwa anacheza puli, ule mchezo wa mezani wa kugonga mipira kwa fimbo, ila kwenye kompyuta. Lakini Ernest ni Msabato wa Bombo, mtoto wa mzee wa kanisa. Baa kwake ni mahali pa kuvukia upande wa pili wa barabara. Meza ya puli alikuwa hajawahi kuiona hata kwa bahati mbaya. Hadi leo akiiona anasema wametuiga, tena wameshindwa hata kutia maji.

Yeye alichokiona kwenye kile kioo ni ndiva. Kwetu Upareni ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Hii ilikuwa ya kijani, kama ndiva yoyote ambayo watu wamekacha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuisafisha. Ilikuwa na milango sita ya kutolea maji. Na ndani vilielea vichwa vya watu, vimeandikwa namba.

"Huyu mweupe kazi yake nini?" akauliza.

"Mweupe ndiye mgongaji. Mweupe ukiingia shimoni, kosa."

"Na mweusi?"

"Namba nane? Haguswi mpaka wote waishe. Mweusi ukiingia kabla ya wakati, umekwisha."

"Umekwisha kabisa?"

"Umekufa, kaka."

Kiswahili chetu nacho! Chande anazungumzia mipira, Ernest anasikia watu.

"Na huyo wa Brazili, maji anayapata wapi?"

"Huyo ana hela," Chande akasema, na macho hayakubanduka kwenye kioo.

Ernest alirudi gesti anahema, uso unang'aa. Kufikia jioni alikuwa ameomba tyubu za matairi ya lori gereji, na vyandarua vikuukuu kwa majirani. Tyubu zilipatikana tano tu. Kwa hiyo sisi wafanyakazi wa gesti tukawa namba moja, namba mbili, namba tatu, halafu namba nane.

"Mbona tatu halafu nane?" nikamuuliza.

"Ndivyo kompyuta ilivyoonyesha. Usilete ubishi, Stumai."

Mweupe alikuwa Wilbard mpishi, na sare zake za jikoni na lile tumbo lake. Anakaa kwenye tyubu, Ernest anamsukuma kutoka ukingoni kwa mti mrefu, anakuja kutugonga sisi. Ukigongwa unaelea hadi kwa jirani aliyeshika chandarua. Ukinaswa, umetoka. Nyinyi chekeni, lakini ulikuwa mtamu ule mchezo!

Sheria moja tu Ernest aliirudia mpaka tukaiota. "Namba nane haguswi! Hata akipiga chafya, msimsogelee. Tukikosea hapo tumekufa, na bwawa la mama limekwenda."

Namba nane alitakiwa awe Bahati mlinzi, na koti lake jeusi. Jumapili ilipofika, Bahati hakutokea. Alituma salamu kwamba mama yake hakumzaa ili awe namba nane. Tyubu yake ikabaki inaelea tupu.

Watu walijaa hadi kwenye michongoma ya uani. Diwani akaja na suti nyeusi, tai nyekundu. Mama Rogathe akamwekea kiti karibu na maji, akabaki amesimama nyuma yake anauma pindo la kanga.

Filimbi ikalia. Ernest akamsukuma Wilbard. Wilbard akaja kama gunia la mpunga wa Ndungu, akampiga namba moja, namba moja akaenda moja kwa moja kwenye chandarua. Watu wakapiga vigelegele. Hata diwani akatabasamu, halafu akajikumbuka, akanuna. Akainuka kitini, akasogea hadi nyuma ya Ernest.

"Kijana, huo mti ni wa nini?"

Ernest kalelewa vizuri. Ukiitwa na mkubwa, unageuka, unamwamkia.

"Shikamoo Mheshimiwa!"

Akageuka. Na mti ukageuka naye.

Diwani alikwenda majini mzima mzima, suti na tai. Alipoibuka, uani wote ukapiga kelele kwa furaha: "Namba naneee!"

Sisi wa kwenye tyubu tukaanza kupiga makasia kwa mikono, tunamkimbia.

"Nakufa! Nakufa maji jamani!" Diwani alikuwa chali, anarusha miguu, maji ya kijani yanamwingia mdomoni.

"Vumilia Mheshimiwa," Wilbard akamjibu kwa heshima zote, "wamebaki wawili tu!"

Sasa kuna jambo moja, na wafanyakazi wote tulilijua. Bwawa lile halikuwahi kujaa. Maji yatoke wapi? Yaliishia kiunoni. Mheshimiwa alikuwa anakufa maji mahali ambapo angeweza kusimama akafunga vizuri tai yake.

Lakini nani atasema? Ernest aliniambia alipiga hesabu pale pale. Akinyamaza, mzee atameza maji mpaka apoteze fahamu. Akimwambia "simama" mbele ya mji mzima, atakuwa amemvua nguo hadharani, na kesho ndiyo kikao. Alimtazama Mama Rogathe. Mama alikuwa amefunga macho, midomo inatetemeka, anaomba.

Ndipo Ernest akapuliza filimbi kwa nguvu zote.

"Wapendwa! Tusimame kwa maombi!"

Nani hapa nchini haijui sentensi hiyo? Hata mlevi akiisikia hunyanyuka. Diwani alikuwa ameisimamia kwenye harusi, misiba na mikutano tangu ujana wake. Miguu yake ikamtii kabla ya kichwa.

Akasimama. Maji yakamfika kwenye mkanda.

Uani kote watu walikuwa wameinamisha vichwa, wamefumba macho. Waislamu wetu nao wakainua viganja. Ernest akaomba. Aliombea mvua, akaombea mkonge, akaombea wagonjwa wa Same na wa milimani.

"Na viongozi wetu, Baba," akasema kwa sauti kubwa, "uwaongoze hatua zao, taratibu bila kuteleza, hasa kuelekea ngazi zilizopo mkono wao wa kushoto."

Nikasikia maji yakichuruzika.

"Amina."

Watu walipofumbua macho, Mheshimiwa alikuwa kitini, tai imenyooka, anadondosha maji kila upande. Mji mzima ukamtazama.

Diwani akakohoa. Akatema kidogo pembeni.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimelikagua mwenyewe. Nimefika chini. Wako waliopendekeza hapa pawe josho." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Haiwezekani. Kina ni kirefu mno. Ng'ombe watakufa wote."

Mama Rogathe alikaa chini pale pale kwenye saruji, akacheka huku analia. Jumatatu kikao kikapitisha hivyo hivyo, na bwawa likabaki la watu.

Ernest alibaki na kazi yake. Anaamini diwani hakuonekana na mtu mwingine akitoka majini siku ile, kwa sababu kila mtu alifumba macho.

Mimi sikufumba. Nilimwona akipanda zile ngazi, na yeye akaniona namwona. Tulitazamana kitambo, Ernest akiwa bado anawaombea wajane, halafu nikainamisha kichwa.

Kwa hiyo somo langu ni hili, lichukue au liache. Mkubwa akizama kwenye maji ya kiunoni, usimpigie kelele asimame. Mpe sababu ya kusimama, halafu fumba macho.