Sungura kwa Bei ya Mbuzi

Hapa Kabambare, Mama Véronique alikuwa na bei mbili. Sungura zake zilikuwa za race, mbegu safi: kubwa, nyeupe, macho mekundu sawa mawese. Unataka kufuga? Unalipa bei ya mbuzi. Unataka kula? Bei ya kuku, na anakupa yenye imezeeka.

Kwa soko walikuwa wanamucheka. "Mama, sungura bei ya mbuzi? Inatoa maziwa?"

"Inatoa jina. Ukiizalisha, watu watakutafuta mpaka kwako. Lakini mudomo haujue race. Mwenye kula nimuibie juu ya nini?"

Marehemu bwana yake, Placide, ndiye aliletaka za kwanza toka Bukavu, dume na jike ndani ya kitunga, kwa magoti yake juu ya moto, ni kusema pikipiki. Placide akakufa, sungura zikabaki, zikasomesha watoto. Kila asubuhi, kabla ya kunisalimia miye jirani, Mama alikuwa anasalimia kibanda cha sungura: "Placide, tumelalaje?"

Mwaka jana ugonjwa uliingia mule. Ikabaki jike moja tu. Bila dume ya race, ile mbegu ya Placide imeisha. Na kwenda Bukavu, na hii vita, nani atapita?

Nikamwambia, "Mama, si uliuzishaka dume kwa Atumani wa Kasongo? Twende." Miye ni motari, ninabeba watu kwa moto. Masomo niliacha, kukaa pahali pamoja siwezi. Mama akafunga mbuzi yake ya mwisho nyuma ya moto, ndiyo bei ya dume, akapanda.

Atumani alitupokea muzuri. "Iko, Mama! Mujukuu wa ile yako." Akatoa dume moja nyeupe, nene. Roho yangu ikatulia. Mama akaigeuza kwa mwangaza, akaangalia macho. Meusi.

"Atumani, mwanangu, ulichanganya na zile ndogo za hapa."

Atumani akainamisha kichwa. "Majirani walikosa bei ya mbuzi, Mama. Niliwaonea huruma. Nilichanganya, nikauzisha bei ya kuku. Sasa zote ziko vile. Chukua hii bure."

"Bure nayo haiko bei," Mama akasema, akairudisha polepole.

Tulirudi na mbuzi yetu. Ilikuwa inalia njia yote. Pahali pa matope, tukisukuma moto, akaniuliza, "Kumbe bei yangu ilikuwa mubaya?"

Miye nikasukuma na nguvu mpaka moto ikatoka.

Kisha akafika kwa Mama Paluku, muchimba zahabu wa Lusangi, anatafuta nyama ya ubatizo wa mutoto wake. Akaona jike. "Ndiyo ile ya bei ya mbuzi? Ninalipa, Mama! Ata zaidi. Wageni wangu wakule kitu ya maana."

Nikamufinya Mama: kubali.

"Utaifuga?" akamuuliza.

"Nifuge juu ya nini? Ni ya sufuria."

Mama akaitoa, akaiweka kwa magoti, akapapasa masikio yake marefu. Nilifikiri atamufukuza yule mutu.

"Bila dume, na yenyewe imekuwa nyama tu," akasema. "Lipa bei ya kuku."

Paluku akacheka, akalipa, akaifunga miguu, akaenda.

Kesho yake asubuhi, Mama alitoka na kitenge chake, akasimama mbele ya kibanda. Akafungua mudomo, akaufunga. Akageuka kwangu.

"Wewe," akasema, "umelalaje?"